Historia ya Nyumba ya Gavana, Dar es Salaam

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Ipelele)



Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya historia ya Nyumba ya Gavana iliyoko Dar es Salaam, ambayo tangu uhuru yaitwa Ikulu. Twajua ya kuwa wako watakaouliza: sisi tunaokaa hapa Ipelele katika baridi ya milima, na ndugu zetu wa Njombe na Makambako, tuna habari gani na nyumba iliyoko pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 600? Wengi wetu hatujapata hata kupita mbele ya lango lake. Jibu letu ni fupi. Kodi ya babu zetu ilihesabiwa kwa jina la aliyekaa humo, vita vilivyowaua viliongozwa kwa amri yake, na kazi yetu ya ukarani ilianzishwa ili amri hizo ziandikwe na kupelekwa. Basi nyumba ile si habari ya watu wa pwani peke yao.

Tuanze na mji wenyewe. Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, mahali palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Sultani alifariki mwaka 1870 kabla kazi haijakwisha, na ndugu yake Sultani Barghash aliyemrithi hakuutazama sana mji ule. Ukabaki na magofu na minazi. Mwaka 1887 wakaja watu wa Kampuni ya Kidachi, na mwaka 1891 Serikali ya Wadachi ikahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, kwa sababu bandari yake ina kina na imekingwa na upepo. Gavana wa kwanza alikuwa Julius von Soden. Wadachi wakajenga mji mpya wa mawe kando ya bandari, na upande wa mashariki, penye mlango wa bandari, wakamjengea Gavana nyumba kubwa inayotazama bahari, isiyo mbali na hospitali yao iliyofunguliwa mwaka 1897. Mtu aliyeingia kwa meli aliiona nyumba hiyo mapema, na bila shaka ndivyo walivyotaka.

Lakini sisi wa nyanda za juu tulimjua Gavana kabla hatujaijua nyumba yake. Gavana wa pili, Friedrich von Schele, alipanda mwenyewe kuja Uhehe na jeshi, akaipiga ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mtwa Mkwawa akaponyoka, akapigana vita vya msituni mpaka alipojiua mwezi wa Julai 1898, naye Gavana wakati huo alikuwa Eduard von Liebert. Mwaka huo huo wa 1898 kodi ya nyumba ikaanza kutozwa. Fikirini jambo hili, wanachama: mtu aliyekuwa na kibanda cha miti na udongo huku milimani alitakiwa kulipa kwa ajili ya kibanda chake, ili Serikali ya mtu mwenye nyumba ya mawe kule pwani ipate kuendelea. Na kwa kuwa fedha haikuwako huku, ilimbidi aondoke kuitafuta.

Mwaka 1905 ukaja moto wa Majimaji. Gavana alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Katika mwezi wa Septemba mwaka ule Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Vita vile havikukomeshwa kwa bunduki peke yake, bali kwa njaa: vyakula vilitwaliwa, mashamba na ghala vikachomwa moto. Wadachi wenyewe walikisia ya kuwa watu 75,000 walikufa. Wataalamu wa historia waliokuja baadaye wamefikisha hesabu karibu 300,000. Wengi wao hawakuuawa vitani, walikufa kwa njaa na maradhi. Baada ya vita von Götzen alirudi kwao akaandika kitabu juu ya maasi hayo. Waliokufa hawakuandika kitu, na ndiyo sababu twasema leo.

Sasa tutazame mwisho wa nyumba ya kwanza. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam tarehe 8 Agosti, ikaupiga mizinga mnara wa simu ya upepo. Mwisho wa Novemba mwaka huo manowari zikarudi na kuupiga mji tena, na nyumba ya Gavana ikaharibiwa. Gavana wa mwisho wa Wadachi, Heinrich Schnee, alikuwa amekwisha hamishia serikali yake Morogoro, kisha ikaenda Tabora. Waingereza wakaingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916.

Tangu hapo Schnee alikuwa Gavana asiye na nyumba. Alifuatana na jeshi la Jemadari von Lettow-Vorbeck, wakavuka Ruvuma kwenda nchi ya Wareno, wakarudi tena. Katika mwezi wa Oktoba 1918 msafara ule ulipita huku kwetu Ubena, ukawaacha hapa wagonjwa na majeruhi pamoja na Jemadari Wahle, kisha ukaendelea mpaka Abercorn, ambako walisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918. Waliobeba mizigo yao ni wapagazi Waafrika, na waliolishwa walilishwa kwa chakula cha wanavijiji. Basi asiambiwe mtu ya kuwa historia ya Gavana ilikaa pwani tu. Gavana aliyepoteza nyumba yake alipita katika njia zetu, akala nafaka yetu.

Tumefika mwaka 1922, na hapa twaomba makarani watege masikio. Waingereza waliamua kuijenga upya nyumba iliyovunjika. Ramani ilichorwa na Bwana J. H. Sinclair, mtumishi mkubwa wa Serikali ya Kiingereza huko Unguja, ambaye amejulikana pia kwa majengo yake ya Unguja kama Mahakama Kuu ya Vuga na nyumba ya makumbusho ya Beit al-Amani. Alipenda sana namna ya ujenzi wa watu wa pwani na Waarabu. Kwa hiyo nyumba mpya haikufanana na nyumba za Ulaya: kuta nyeupe, matao, na baraza pana za kupitisha upepo wa bahari. Ikawa tayari mwaka huo wa 1922, wakati wa Gavana Horace Byatt.

Mwaka huo mmoja ulizaa mambo mengine manne. La kwanza, tarehe 20 Julai 1922 Shirika la Mataifa la Geneva lilithibitisha udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika. Maana yake kwa maneno tu nchi haikuwa mali ya Mwingereza, bali amana aliyowekewa. La pili, ilitoka sheria ya kukomesha utumwa katika Tanganyika. La tatu, ilitoka sheria mpya ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Na la nne, mjini Tanga, karani Martin Kayamba na wenzake wakaunda chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, ambacho ndicho mzee wa vyama vyote vya namna ya hiki chetu.

Yatazameni mambo hayo pamoja na nyumba, mtaona sura ya wakati ule. Mtumwa aliambiwa, “Wewe ni huru.” Kisha aliyekwisha kuwa huru akaambiwa, “Lete kodi.” Vijana wa Ubena na Ukinga wakashuka kwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, wakapewa namba, wakaitwa manamba, wapate shilingi za kulipa. Na karani aliyewaandikia stakabadhi alikuwa Mwafrika mwenzao, aliyekaa mezani kwa sababu alijua kusoma. Karani huyo alikuwa katikati. Mzungu alimwona kuwa mkono wake, na mwanakijiji alimwona kuwa mdomo wa Mzungu. Ndipo makarani wa Tanga walipoona haja ya kukutana, kusoma magazeti, kucheza mpira, na kusemezana juu ya mishahara na heshima yao. Chama chao kilikuwa kidogo wala hakikuwa na matao meupe. Lakini twaona ya kuwa nyumba mbili zilijengwa mwaka ule, moja ya mawe na moja ya watu.

Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925. Mwaka 1926 akatoa sheria ya utawala wa wenyeji, yaani kuwatumia machifu kutawala kwa niaba ya Serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kutunga Sheria likakutana mara ya kwanza. Halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Ilipita karibu miaka 20 mpaka mwaka 1945 ndipo walipoingia wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1929, African Association iliundwa Dar es Salaam, na miongoni mwa wenye kuisimamisha walikuwa makarani na walimu. Na mwaka 1931 Bwana Kayamba alisafiri mpaka London pamoja na wenzake kutoa ushahidi mbele ya Bunge la Waingereza juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Hivyo karani wa Tanga alisikilizwa London kabla Mwafrika hajapewa kiti katika Baraza la Dar es Salaam.

Sasa twafika kwa Gavana Edward Twining, aliyetawala tangu mwaka 1949 hata 1958. Habari zake ni mbili, na hufaa zisemwe pamoja. Ya kwanza yatuhusu sisi watu wa nyanda za juu. Byatt, tangu mwaka 1918, alikuwa ameshauri ya kwamba fuvu la Mkwawa, lililosemekana kupelekwa Udachi, lirudishwe. Neno hilo likaingizwa katika Mkataba wa Versailles, fungu la 246. Mkataba uliwapa Wadachi miezi sita. Ilipita zaidi ya miaka 30. Twining ndiye aliyekwenda kulitafuta katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga, mbele ya umati mkubwa.

Habari ya pili ni ya makarani. Mwaka 1953 Serikali ya Twining huyo huyo ilitoa waraka uliowakataza watumishi wa Serikali Waafrika kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Mkono mmoja ulirudisha fuvu la shujaa aliyekufa, na mkono wa pili ukawafunga midomo walio hai. African Association, ambayo wakati huo iliitwa TAA, ilikuwa imesimama kwa nguvu za watumishi wa Serikali. Karani akawekwa penye njia panda: aache chama au aache mshahara. Wengi walitoka katika chama, wala hatuwahukumu, kwa maana walikuwa na watoto wa kulisha na karo za kulipa. Wengine waliendelea kusaidia kimyakimya. Tarehe 7 Julai 1954, siku 18 tu baada ya sherehe ya Kalenga, TAA ikageuka kuwa TANU. Na mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, akaacha kazi yake ya ualimu akashika kazi ya siasa.

Gavana wa mwisho alikuwa Richard Turnbull. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru, naye akakaa mwaka mmoja tena kuwa Gavana Mkuu kwa niaba ya Malkia. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, na Rais Nyerere akaingia katika nyumba ile. Jina likabadilika. “Ikulu” ni neno la Wanyamwezi na Wasukuma, maana yake makao ya mtemi. Tazameni hekima iliyomo: nyumba haikuvunjwa, ilipewa jina la bara. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi, waliingia mjini usiku wakafika hata Ikulu, na Rais pamoja na Makamu wake Rashidi Kawawa ilibidi wafichwe. Hapo nchi changa ilijifunza ya kuwa kuta peke yake hazimlindi mtu, ziwe za Gavana au za Rais.

Mwalimu hakuitaka nyumba ile iwe makazi yake. Alikaa katika nyumba yake ya Msasani, akaenda Ikulu kufanya kazi. Katika miaka ya 1990, akiwa amekwisha staafu, alisema hadharani ya kuwa Ikulu ni mahali patakatifu, pasipofaa kugeuzwa kuwa mahali pa biashara. Aliyesema hivyo alikuwa mtu aliyeishika kazi hiyo mpaka mwaka 1985, hivyo alijua uzito wa neno lake. Mwaka 1973 ilikuwa imekwisha amuliwa ya kuwa makao makuu yahamie Dodoma. Kazi ilikwenda polepole mno kwa miaka mingi, mpaka wakati wa Rais John Magufuli ilipotiwa nguvu. Mwaka 2018 ilitungwa sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, na tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua Ikulu mpya ya Chamwino. Nyumba ya Dar es Salaam ingaliko, na matao yake bado yaitazama bahari.

Wanachama, yako maneno mawili yanayosemwa na watu juu ya nyumba kama hii. Wengine husema, “Ni alama ya kutawaliwa, ingefaa ibomolewe.” Wengine husema, “Ni jengo zuri tu, historia imekwisha pita.” Sisi twaona ya kuwa wote wawili hawakutazama vema. Anayetaka kuibomoa asahau ya kuwa ni wageni waliojenga kwa mali yao. Mali ilitoka katika nchi hii, nayo kodi ya mwenye kibanda cha Ukinga imo katika hesabu. Mtu habomoi alichokilipia. Na anayesema historia imepita, na aulize mbona fuvu moja liliandikwa katika mkataba wa mataifa, na mbona lilichukua miaka zaidi ya 30 kurudi. Yaliyopita hayaondoki mpaka yameandikwa na kutambuliwa.

Na hapa ndipo kazi yetu ilipo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za Gavana tunazijua kwa sababu Gavana alikuwa na makarani. Kila barua iliyotoka kwake ilipigwa taipu, ikatiwa namba, ikawekwa katika faili. Habari za wapagazi wa mwaka 1918, na za manamba waliokwenda katani wasirudi, hazikupata karani. Tena ni sisi, watu wa kalamu, tuliofundishwa kuweka kumbukumbu za wakubwa tukasahau za baba zetu. Hilo si kosa la Mdachi wala la Mwingereza. Ni deni letu, na lingali linalipika.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu, na twaomba Halmashauri iyatie katika kitabu cha mikutano.

Shauri la kwanza: kila mwanachama aandike historia ya nyumba anayofanyia kazi, iwe boma, mahakama, shule, zahanati au afisi ya kata, ilijengwa mwaka gani, kwa fedha ya nani, kwa mikono ya nani, na kabla yake palikuwa na nini. Ukurasa mmoja watosha.

Shauri la pili: stakabadhi za kodi za zamani, vipande vya kazi ya manamba na barua za ukoo zilizomo katika masanduku ya wazee zisitumiwe kuwashia moto. Na ziandikwe nakala, na zilizo na maana kubwa zipelekwe katika Nyaraka za Taifa.

Shauri la tatu: wazee waliosikia kwa masikio yao habari za baba zao waendewe mapema. Mzee hangoji mpaka karani apate likizo.

Tukifanya hayo, siku moja mtu atakayeandika historia ya Nyumba ya Gavana hataanza na mlango wa bandari peke yake. Ataanza pia na kibanda kilichotozwa kodi katika milima hii, naye atapata karatasi ya kumwongoza, iliyoandikwa kwa mkono ulio safi na yenye tarehe mahali pake. Karani hana mnara wa mawe wa kuachia watoto wake. Anachoweza kuwaachia ni ukweli ulioandikwa vizuri.

 Maswali yaulizwe.